Wajumbe wa Uboho

Kinyozi alikuwa akimnyoa mwenye duka la misumari, shavu moja limekwisha na la pili bado lina povu, mjumbe wa kwanza alipotoka katika kiganja cha kulia cha kinyozi mwenyewe. Alikuwa mdogo kama punje ya mtama, kavaa kofia ya tarishi. Alijipangusa povu, akapiga hodi kwenye ngozi ileile aliyotokea, akauliza, "Hapa ni kwa nani?"

"Una mgeni," mteja akasema.

"Namwona. Usitikisike, nina wembe."

Kufikia adhuhuri wajumbe walikuwa wengi, na viganja vya kinyozi vilikuwa vyekundu, vinabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mkewe akafunga duka, akampeleka hospitali.

Daktari aliwatazama wajumbe kwa lenzi, wakamwamkia. "Ulipougua saratani ya damu tulikupa uboho wa ndani ya mifupa ya mtu mwingine," akamwambia kinyozi. "Chembe zake sasa ndizo walinzi wa mwili wako. Mlinzi mgeni asipoitambua nyumba, huiona ya adui. Hutuma wajumbe kuita wenzake, nao huja kubomoa. Kwa kawaida wajumbe ni protini tu, hawaonekani. Hawa wako wamechoka kupuuzwa. Nani alikupa uboho?"

"Kijana mmoja wa pale nyumbani."

"Mdogo wako," mkewe akasema. "Baba mmoja."

"Mama tofauti."

Marehemu baba yao aliacha kiti cha kuzunguka, cha ngozi, na kinyozi aliwanyolea humo ndugu zake wote. Yule mdogo, ambaye mama yake hakuolewa, alinyolewa uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hata alipotoka kutolewa uboho, kiuno kikimuuma, alikalia ndoo.

"Tukiambiwa hapa ni kwa kaka yetu," mjumbe mmoja akasema, "tutawarudisha wenzetu."

"Tamka basi, mume wangu. Ulimi hauna mfupa."

Kinyozi akabandua kipande cha ngozi kiganjani.

"Wako naona wameumwagia zege," mkewe akasema.

"Leo nimwite ndugu, kesho atataka jina la baba," kinyozi akajibu. "Daktari, hakuna dawa?"

"Ipo. Itawanyamazisha. Lakini italewesha walinzi wote, na hata mafua madogo yanaweza kukuzika."

"Nipe."

Akameza vidonge. Wajumbe wakavua kofia, wakarudi ndani mmoja mmoja.

Mwisho wa mwezi mdogo wake akaja kunyolewa, akapitia uani, akaipindua ndoo mwenyewe. Kinyozi alikuwa amekonda, kavaa barakoa na glavu.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Naendelea. Inamisha kichwa."

Ndani ya glavu, karibu na sikio la mdogo, hodi ikasikika, hafifu, kisha nyingine. Mdogo alisikiliza kidogo.

"Tulieni," akawaambia. "Mko kwa watu."

Wakatulia. Kinyozi akaendelea kunyoa.