Vidole Vinne Begani

"Mwalimu, huu mkono wa nani?"

Aliyeuliza ni yule mrefu wa nyuma, tuliyembandika jina la Wakili kwa kupenda maswali. Picha ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango: meza yetu ya chakula, kiti kitupu, mimi na binti yangu tukicheka. Na pale begani kwa binti yangu, vidole vinne visivyo na mwenyewe.

Sikuwa nimeviona.

Picha za vitabuni zilikuwa zimewachosha wanafunzi wangu. Insha zao za Kiingereza zilifanana kama mayai. Nikaanza kuwatengenezea zangu. Nilimpandisha mbuzi kwenye meza ya mwalimu mkuu. Nilinyesha mvua ndani ya maktaba. Waliandika mpaka kengele ikawakera. Jumapili ile kichwa kiligoma kutoa wazo, nikafungua picha za nyumbani. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nguo zake nilishazigawa. Mimi si mtu wa kukaa na msiba. Nikamfuta kwenye kompyuta kama ninavyofuta ubao. Kiti kitupu huchokoza hadithi, nilijiambia. Nikaihifadhi juu ya picha ya awali, ile ya awali ikafutika, nikaenda kupika.

Kwamba binti yangu alikuwa katika darasa hilo hilo, safu ya pili, dirishani, nililikumbuka projekta ikiwa imeshawaka. Nikasema ah, mkubwa huyu, ataelewa.

"Mzimu huo," mmoja alimjibu Wakili.

"Mzimu gani anakata kucha?"

Darasa likaangua kicheko. Walitaniana kwa Kiingereza, kwani ndiyo iliyokuwa sheria yangu: anayeteleza hurudia.

Binti yangu hakucheka. "Wa baba," alisema kwa Kiswahili, taratibu.

Nami, kwa mazoea ya miaka, nikasema, "Kwa Kiingereza, tafadhali."

Mdomo ulitangulia, moyo ukafuata nyuma unakimbia. Haukuwahi. Alikuwa ameshasimama. Akasema kwa Kiingereza kwamba huu ni mkono wa baba yake, kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti kile, kwamba mama yake amemtoa. Hakukosea hata neno. Wakili aliinamia dawati lake.

"Vizuri," nikasema. "Kaa."

Mpaka leo lile "vizuri" linanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni alinifuata jikoni. "Ile nzima iko wapi, mama?"

"Hakuna nyingine."

"Umetafuta?"

"Nimetafuta. Hata fundi wa kompyuta niliyempitia nikitoka shule ameshindwa."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani nilizoosha. Alifuta zote, akazipanga. Kisha akasema, "Bora vidole ulivisahau."

Sasa ana nyumba yake. Picha ile ameitundika sebuleni, lakini ameipunguza: ameondoa kiti, ameondoa meza, ameniondoa mimi. Limebaki bega na vidole. Sijawahi kumuuliza. Nitaanzia wapi?

Juzi alikuwa jikoni anachemsha chai. Mjukuu wangu akanipanda mapajani na biskuti yake, akanyoosha kidole ukutani.

"Bibi, huu mkono wa nani?"

Jikoni vikombe vikanyamaza.

"Wa babu yako," nikasema.

Akatafuna, akitafakari. Nikabaki nimemshika, nikisubiri swali la pili.