Kande ya Jumapili

Veronica alikuwa amelipindua jiko juu ya gunia, anachokoa matundu ya plate ya kushoto kwa sindano ya kushonea. Anachokoa moja, anapuliza, anatazama kwenye mwanga wa mlango, kisha anahamia jingine. Jiko hilo la gesi alilinunua kwa mwalimu wa Endagikot aliyehamishiwa Lindi. Lilikuwa na kutu pembeni, na mguu mmoja ulifungwa kwa waya. Plate ya kulia iliwaka vizuri. Ya kushoto ilikuwa imezibwa na uji wa miaka mingi.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Xavery, kaka mkubwa wa mumewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Bado unalifanyia upasuaji?"

"Nalisafisha."

Xavery akapita kumsalimia mama yake, Judica, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichagua maharage. Mama akaanza kuitikia, kikohozi kikamkatiza. Mwezi wa tano mganga wa zahanati alikuwa amesema wazi kwamba kifua hicho hakitaki moshi tena. Ndiyo sababu jiko lilinunuliwa. Mama alikaa hapa kwa sababu mama hukaa na mwanawe wa mwisho, na wa mwisho alikuwa Pascal, mume wa Veronica, aliyekuwa Hanang kwenye mavuno ya ngano.

Xavery aliyatazama mafiga na majivu yake yaliyopoa.

"Shemeji, unamlisha mama wali na mayai kama mgonjwa wa wodini. Huyu ni mtu wa kande."

"Kande itapikwa."

"Kwa hiki kiberiti?" Akacheka. "Jumapili nakuja baada ya misa. Nisipokuta kande iliyoiva mbele ya mama, namchukua akakae kwangu, kwenye moto wa watu."

Kwa Xavery kuni ziliwaka ndani, hatua tatu kutoka kitanda ambacho mama angelalia. Veronica hakupandisha sauti.

"Jumapili uje na njaa, shemeji."

Alhamisi alijaribu. Alichemsha mahindi na maharage kama alivyozoea kwenye kuni, sufuria juu ya moto tangu asubuhi. Kijijini kwao Masieda hakuna anayeuliza kande imekula kuni ngapi; unasukuma gogo, unaendelea na kazi nyingine. Saa nane mchana alipima mtungi wa gesi kwa mkono, akaukuta mwepesi. Akatafuna punje moja ya mahindi. Ilikuwa bado ngumu.

Akazima jiko, akakaa chini.

"Umeshindwa?" Judica aliuliza.

"Bado, mama. Nafikiri."

"Haya, fikiri." Mama akapepeta maharage, akapuliza makapi. "Sisi tukienda kulima mbali hatukuwa na mtu wa kuchochea. Chungu kikishachemka tulikifukia kwenye majivu ya moto, tukaondoka. Tukirudi jioni, kimeiva chenyewe."

Veronica aliyatazama majivu kwenye mafiga. Majivu hayawaki, aliwaza. Yanatunza tu.

Jumamosi alimwagia mahindi maji, akayatwanga kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, akayaloweka pamoja na maharage usiku kucha. Alichukua kapu kubwa la kuvunia, akalishindilia majani makavu ya ngano chini na pembeni, katikati akaacha shimo la kuenea sufuria. Kikakosekana kitu cha kufunika juu. Judica akavua blanketi alilojifunga mabegani.

"Mama, ni baridi."

"Nitaota jua. Chukua."

Jumapili alfajiri sufuria ilichemka kwa muda wa saa moja, akipima kwa saa ya simu. Veronica akazima gesi, akaiingiza kapuni haraka, akafunika kwa blanketi na mto juu yake. Wakaenda misa. Hakuna aliyebaki kuchochea.

Xavery alifika na njaa kweli. Alitazama jiko lililozimwa, akatazama kapu.

"Mmeniwekea kuku anayeatamia?"

Veronica akafunua. Mvuke ukapanda. Akakaanga kitunguu na kitunguu saumu cha shambani kwenye plate ya kulia, akamimina kande, akachanganya, akampakulia mama kwanza.

Judica alitafuna taratibu kwa meno aliyobaki nayo. Aliongeza kijiko cha pili, cha tatu. Xavery alikuwa akimtazama mdomoni.

"Imeiva," mama alisema. "Mpakulie na huyu."

Xavery alimaliza sahani moja, akasogeza sahani tena. Katikati ya ya pili akasema, "Lakini haina harufu ya moshi."

"Nimeula miaka sitini," Judica alisema. "Sehemu yangu iliyobaki nakuachia wewe, wewe ndiye mkubwa."

"Na mtungi ukiisha?"

"Utajazwa," Veronica alisema. "Na mama yuko hapa hapa, shemeji. Karibu kila Jumapili."

Xavery alikohoa kidogo, akaomba maji. Alipoondoka hakutaja tena habari ya kumhamisha mama.

Judica akajivuta hadi kwenye jiko, akagusa swichi moja, kisha nyingine.

"Huku mbona hakuwaki?"

"Kumeziba, mama."

"Kuzibue. Kesho napika mboga ya maboga mwenyewe, wewe upike ugali huku."

Veronica akalipindua jiko tena juu ya gunia. Alichokoa mpaka mwanga wa mlangoni ukawa hautoshi kuona tundu. Yalibaki tisa. Akaichomeka sindano kwenye gunia, palepale alipoishia, akanawa mikono.