Uzi Mdomoni

Kazi yangu inanitaka nifunge mdomo, na hilo peke yake huwachekesha wote wanaonijua. Nanyoa uso kwa uzi. Nakata uzi wa pamba, nashika ncha moja kwa meno, nauzungusha katikati, halafu vidole vinafungua na kufunga, na nywele zinang'oka na mizizi yake. Hakuna wembe, hakuna dawa. Ngozi inawaka wekundu kwa nusu saa, na ukitumia uzi mchafu mteja atatoka vipele, basi. Mteja analala, anaivuta ngozi yake mwenyewe kwa vidole viwili ili ikaze, na anasimulia. Mimi siwezi kumjibu kwa sababu nina uzi mdomoni. Ndiyo maana najua siri za nusu ya wanawake wa Ntinda, mtaa wa Kampala ilipo saluni yetu.

Halimah, ambaye sote tulimwita Mama Husnah, alikuwa mteja wangu wa kila Alhamisi ya pili kwa miaka mitatu. Ni Mnubi, watu wake wako Bombo, na yeye anauza vitambaa Kamwokya, si mbali na chumba ninachopanga. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, chake cha baba yake aliyekuwa askari na changu cha Bukavu, na tulichekana kwa jinsi kila mmoja alivyokiharibu. Chini ya uzi wangu alinieleza habari za marehemu mumewe, za mawifi zake, na za sukari yake. Huo ulikuwa mwaka wake wa nane wa kumeza vidonge kila asubuhi. Kidonda cha kidole cha mguu kilimchukua miezi minne kupona. Haya yote niliyajua kabla ya mambo ninayotaka kuyasema.

Mwaka jana Darlène, mwenye saluni, alileta daktari. Aliitwa Elisée, mtu wa Kinshasa, suruali imepigwa pasi, Kifaransa na Kilingala tu, Kiswahili hakuna. Darlène akampa chumba cha nyuma na kubandika tangazo mlangoni: KUINUA USO KWA UZI. Huo si uzi wangu. Huo unaingizwa chini ya ngozi kwa sindano ndefu, unavutwa, na shavu lililolegea linapanda. Baada ya miezi kadhaa uzi unayeyuka wenyewe. Niliwaona waliotoka mle wakiwa wamepungua miaka kumi bila kisu wala kulazwa, siwezi kusema uongo. Niliona pia aliyetoka na kishimo kama cha kidole kwenye unga, kikakaa wiki mbili ndipo kikaondoka.

Elisée alihitaji mtu wa kumtafsiria, akanichagua mimi. Akanipa koti jeupe. Sasa nieleweke: nilisoma uuguzi mwaka mmoja na nusu kule Bukavu kabla hatujakimbia, na koti kama lile nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilipolivaa hili la Elisée, wateja wakaanza kuniita musawo, kama wanavyomwita mganga wa hospitali hapa Kampala, na nnyabo, yaani bibi. "Musawo, nnyabo, itauma?" Nikawa natembea polepole ili koti lionekane. Usinicheke. Au cheka, nimestahili.

Mama Husnah aliliona tangazo Alhamisi moja. Harusi ya Husnah, binti yake wa pekee, ilikuwa imebaki wiki nne.

"Annick, huu uzi wa huyu bwana ni ule wako?"

"Ni binamu yake," nikasema. "Wangu unapita juu, wake unapita chini."

"Kama ni uzi, mimi naogopa nini? Miaka mitatu niko chini ya uzi wako." Akajishika mashavu na kuyapandisha mbele ya kioo. "Nataka siku ya mtoto wangu nikae hivi."

Wiki ile Elisée alikuwa amewarudisha wateja wawili. Mmoja alikuwa anameza dawa za kuyeyusha damu, mwingine ana mimba. Asubuhi hiyo hiyo alimwambia Darlène kwamba mambo yakiendelea hivi atahamia saluni nyingine upande wa Lubaga, yeye na vifaa vyake. Na koti lake, nikawaza mimi.

Mama Husnah akajilaza kule chumba cha nyuma. Elisée akaniambia kwa Kifaransa, bila kuinua macho kutoka kwenye vifaa vyake: muulize kama ana sukari. Mwenye sukari simgusi. Vidonda vyake havifungi upesi, na vijidudu vinapata nyumba.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sukari. Silabi tatu. Elisée mwenyewe, ambaye kwa Kilingala chake ni sukali, angelisikia kama ningelitamka.

"Mama Husnah," nikasema, "daktari anauliza kama uko na ugonjwa."

Nilijua atajibu nini. Ukimuuliza mtu wetu kama ana ugonjwa naye amekuja kwa miguu yake, atakwambia ni mzima. Ugonjwa ni kitu cha kukulaza kitandani. Sukari ni sukari tu, mtu anaishi nayo kama anavyoishi na wifi.

"Mimi? Mimi mzima, binti yangu. Alhamdulillahi. Aanze."

Nikamgeukia Elisée. "Anasema ni mzima."

Elisée hakulisikia neno lake na hakuuliza tena. Hilo ni lake, atalijibu mwenyewe. Langu ni langu. Niliushika mkono wa Mama Husnah sindano ilipoingia, naye akaniminya vidole na kusema Mungu anibariki.

Siku kumi za kwanza uso wake ulikuwa wa kutazamwa. Wanawake wa Kamwokya walimzunguka dukani wakimuuliza amekula nini. Alinipigia simu akicheka, na mimi nikajiambia, umeona, Annick, ulikuwa unajitisha bure.

Siku ya kumi na moja ncha ya uzi ilitokeza kwenye shavu la kushoto, ndogo kama punje ya mtama. Kisha shavu likavimba, likawa la moto, likatoa usaha. Hospitali waliutoa ule uzi kipande kwa kipande, na sukari ikampanda mpaka wakamlaza siku tisa. Alitoka siku mbili kabla ya harusi akiwa na bonde shavuni na upande wa kushoto wa mdomo usioinuka. Elisée alikuwa ameshaondoka na vifaa vyake. Darlène alibandua tangazo na kuniambia sisi hatukujua. Koti nililivua, na kwa mara ya pili nikaliacha kwenye msumari.

Harusini, Bombo, Mama Husnah aliniketisha mbele pamoja na ndugu zake. Husnah alipotokea, ngoma zikalia, na wanawake wote wakamgeukia mama ili aanzishe vigelegele. Vigelegele vinataka mdomo mzima. Alijaribu, ikatoka pumzi na mate kidogo pembeni. Akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake, na dada yake akavipiga kwa niaba yake. Niliangalia sahani yangu ya wali. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia juu ya ule wali.

Husnah alitaka kunipeleka polisi. Aliyenitetea ni mama yake.

"Annick aliniuliza," alimwambia mbele ya shangazi zake wote. "Aliniuliza vizuri kama niko na ugonjwa, mimi nikajifanya mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nashukuru, nimeumbuliwa na shavu tu."

Watu wakacheka. Nilicheka pia. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilicheka.

Miezi mitatu ikapita bila kumwona, nami nikaomba, Mungu anisamehe, asirudi. Alhamisi iliyopita akarudi. Husnah alimpandisha ngazi akiwa amemshika mkono, akanijia mimi kwanza.

"Dada Annick, nisamehe. Nilikutukana sana, kumbe Mama ndiye alificha."

Nikamwambia hakuna neno. Hakuna neno! Husnah akashuka kumsubiri mama yake chini, na Mama Husnah akalala kwenye kiti changu kama zamani. Nikakata uzi haraka na kuutia menoni, kwa sababu mwenye uzi mdomoni hadaiwi jibu.

Nikamaliza unyusi wa kulia. Nikahamia wa kushoto. Aliinua vidole viwili kuvuta ngozi, vidole vikatangatanga, maana upande ule hausikii tena vizuri. Na huku anaongea.

"Mimi sasa nawahubiria wanawake wote pale Kamwokya. Nawaambia, musifiche sukari zenu kama mimi. Mimi nilidanganya daktari. Nilijidanganya mwenyewe, nikaharibu siku ya mtoto wangu kwa mdomo wangu huu."

Uzi ukanitoka.

"Mama Husnah, hukuficha."

Akafungua macho.

"Daktari hakuuliza kama uko na ugonjwa. Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilijua utasema mzima. Nilikuwa nataka…" Nilitaka kusema nilitaka kubaki na koti, lakini nani angelielewa hilo? "Nilijua sukari yako, Mama. Nilijua na nikanyamaza."

Akainuka polepole, akakaa, miguu ikining'inia. Nilingoja anitukane kwa Kinubi, ambacho angalau nisingekielewa.

"Yeye aliulizaje?"

"Alitaja sukari."

"Niulize."

"Mama, tafadhali."

"Niulize, Annick. Kama alivyouliza yeye."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na uzi wa kujifichia.

"Mama Husnah, uko na sukari?"

"Ndiyo," akasema papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Niko nayo, mwaka wa tisa sasa. Hata dawa nimemeza asubuhi."

Akateremka kwenye kiti, akajifunga kitambaa chake kichwani, akaipita mikono yangu iliyokuwa imenyooka kumsaidia. Ngazi alishuka peke yake, akishika ukuta. Kutoka dirishani nikamsikia Husnah akimuuliza mbona ametengenezwa upande mmoja tu. Sikusikia alichojibu.