Kilio cha Mama Marthe

Koko alikufa Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Lweba, na hadi saa nane mchana hakuna mwanamke aliyekuwa amefungua kinywa kumlilia.

Wanawake walikuwepo. Walikaa juu ya mikeka sebuleni, miguu wameinyoosha, vitenge wamevifunga kiunoni, wakimngoja Mama Marthe. Katika ukoo wao binti wa kwanza ndiye anayeanza, wengine wanafuata. Na Mama Marthe hakuwa binti wa kwanza tu. Kutoka Swima mpaka Fizi kule mlimani, watu walimtumia pikipiki aje awalilie wafu wao, kwa sababu alijua kumlilia mtu kwa mambo yake mwenyewe: chakula alichopenda, namna alivyokohoa akikaribia mlango, nani alimkosea asimwombe radhi. Akimaliza, hata jirani aliyemchukia marehemu alikuwa anafuta pua.

Sasa alikaa kichwani pa mama yake mwenyewe, kimya, akifukuza nzi kwa kipande cha kartoni.

Gentille alikaa karibu na mlango. Alikuwa binti wa Arlette, mdogo wake Mama Marthe. Koko alikuwa bibi yake. Alisoma mwaka wa pili katika chuo kimoja pale Baraka, na alijua sababu ya kimya kile. Alidhani ni yeye peke yake anayeijua.

Msichana huyu alipenda kila kitu isipokuwa somo aliloandikishwa. Ukutani kwake waigizaji wa Korea walibandikwa jirani na wapiganaji wa mieleka, na chini yao makasha ya santuri za rumba za zamani, yaliyoliwa na mende pembeni. Simu yake ilijaa vichekesho hadi ikakataa kupiga picha. Nyuma ya karatasi za masomo alichora watu kwa kalamu ya Biki, na aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote: mwalimu wa takwimu, mchungaji, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi. Arlette alisema kichwa cha binti yake ni soko la Jumamosi. Lakini alicheka, kama wote.

Miezi miwili kabla, alipokufa mzee Bertin, jirani yao, Gentille alimrekodi Mama Marthe akilia. Mwanzoni hakuwa na nia mbaya, na hilo halimsaidii kitu. Alirekodi kwa sababu ilikuwa nzuri. Usiku ule aliisikiliza mara tatu akaona hakuna muziki wowote katika simu yake unaoifikia. Kesho yake alimsikilizisha Dany, mwanafunzi mwenzake anayetengeneza midundo kwa kompyuta. Dany akasema ile sauti ina mwendo wake. Wakakata sentensi moja tu, "Bertin we, ndakala na pilipili nani atakula?", wakairudia rudia juu ya ngoma. Gentille akachora picha ya kuiweka juu: mwanamke amefungua kinywa kipana kama beseni, machozi yanamwagika, na ndani ya machozi ndakala, dagaa wa ziwani, wanaogelea. Akamtia pengo la jino la mbele. Akamfunga kitambaa cha njano kichwani, na kukibana kwa pini juu ya sikio la kushoto. Ile pini ilimfurahisha kuliko vyote.

Michoro yake yote huitia jina pembeni. Huo hakuutia.

Aliiweka kwenye statut ya simu yake, marafiki waione, Ijumaa. Jumapili vijana wa pikipiki walikuwa wanaicheza mbele ya soko la Baraka, na watoto wanaimba ndakala na pilipili wakitoka kuteka maji. Gentille alitembea mjini akiisikia kila kona, na nitasema ukweli, alifurahi.

Ikaja siku ya kilio cha Papa Placide kule Swima. Mama Marthe aliingia uani, akashika kichwa, akaanza. Chini ya hema vijana wakatikisa mabega. Mmoja akamjibu, ndakala na pilipili, na wenzake wakaangua kicheko. Mama Marthe alinyamaza katikati ya neno. Akaketi, akaomba maji, na Papa Placide akazikwa bila kuliliwa naye. Tangu siku hiyo hakulia popote. Arlette alimuuliza Gentille kama anawajua waliofanya ujinga ule. Gentille akasema ni vijana tu wa Baraka, yeye hawajui. Kisha akaenda kufuta wimbo katika simu yake, wakati kila mtu alikuwa nao.

Hayo yalikuwa majuma matatu yaliyopita. Sasa maziko yalipangwa saa kumi, na minong'ono ilikuwa imeanza. Salma, jirani wa upande wa ziwani, alimwinamia Mama Marthe akamwomba aanze, wengine wanaumia vifua. Mama Marthe akatikisa kichwa. Ndipo mke wa mjomba, nyuma ya mgongo wa Gentille, akamwambia mwenzake kwamba mtoto wa kwanza asiyemlilia mama yake ana neno naye. Pengine anajua kilichomuua. Mwenzake hakukataa.

Gentille alijua maneno kama hayo humfikisha wapi mwanamke wa umri ule. Tuhuma za uchawi huanza hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, kwenye kilio.

Aliinuka. Akapita kati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Mama Marthe.

"Mama mukubwa," alisema, "ule wimbo wa sauti yako, ni mi nilifanya. Mi na Dany wa ku masomo. Na picha ni yangu."

Sebule nzima ilisikia. Arlette akajishika kichwa.

"Ulinambia haujue," Arlette alisema.

"Nilikudanganya, mama."

Mama Marthe hakuacha kupepea kartoni.

"Mi nilijua," alisema. "Kile kitambaa ya njano, kwa Bertin sikuvaa. Navaaka ku jikoni tu, nikikaanga, na pini yake. Batoto ya Baraka banajua jikoni yangu?" Akamtazama sasa. "Nilingoja uje useme. Majuma tatu. Nilikuwa najiambia, leo atakuja." Akagusa mdomo wake. "Hata pengo uliweka. Unajua kuchora."

Kama angempiga kofi ingekuwa nafuu. Gentille alianza kuomba msamaha, na Mama Marthe akamkatiza.

"Pardon yako itangoja. Koko hawezi kungoja. Unajua kuniiga, hapana? Basi anza."

Gentille akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwonea huruma. Akashika kichwa kama alivyomwona Mama Marthe akishika, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya kuchekesha, ile aliyokuwa akiitoa darasani wenzake wakigonga meza. Nje, chini ya hema, mtu akacheka. Wakacheka wawili, watatu.

Akanyamaza. Alitaka kutoka nje awaeleze kwamba safari hii si mchezo. Akaelewa kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa Swima.

"Usiache," Mama Marthe alisema. "Mi niliacha, na Placide akaenda bure. Acha sauti yangu. Koko alikuwa anafanya nini na weye?"

Walikuwa wanatazama filamu za Korea. Hilo ndilo walilofanya, kila likizo, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye sufuria. Koko hakuelewa neno. Kijana mkuu wa filamu, Koko alimwita Ngozi ya Yai, na kila siku aliuliza kama ameshaoa.

"Koko we," Gentille alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, mbaya. "Ngozi ya Yai hajaoa bado. Nani ataniuliza tena? Koko we, nani ataniuliza?"

Nje wakacheka zaidi, na haki yao, maana maneno yalichekesha. Gentille akayarudia. Akayarudia mara ya tatu, machozi na kamasi vimechanganyika, na hapo Mama Marthe akaweka kartoni chini.

Sauti yake ilipotoka ilimfunika Gentille kabisa. Alimlilia mama yake kuanzia utoto wake, mahali alipozaliwa, mitumbwi aliyoingojea, mihogo aliyoitwanga, na wanawake wote wakaingia, hata mke wa mjomba. Chini ya hema pakawa kimya. Gentille akabaki na paji la uso juu ya mkeka. Kulia walimlilia Koko. Yeye hakuna aliyemgusa bega.

Baada ya maziko watu walinawa kwenye beseni mlangoni. Arlette alinawa akapita bila kumtazama bintiye. Mama Marthe akaja wa mwisho.

"Jumamosi tunaenda Swima, kwa mujane ya Placide," alisema. "Utasema mbele yao vile ulisema hapa. Na ule Dany aje."

"Ndiyo, mama mukubwa."

Mama Marthe akapangusa mikono kwa kitenge cha Gentille, akaingia ndani.