Kisu Kilichokula Jiwe

Kesho yake ilikuwa Idi ya kuchinja, mwaka wa tisini na sita. Jirani yetu wa Kamenu, Baba Firdaus, alikuwa uani akinoa kisu alicholetewa na nduguye kutoka ng'ambo. Alitarajiwa kuchinja kondoo tisa wa Farouk, mwenye bucha. Wiki iliyotangulia kisu hicho kilikwama shingoni mwa mbuzi. Nilimsikia yule mbuzi, na jioni sikuweza kula.

"Kikikwama tena, nitatafuta mchinjaji mwingine," Farouk alimwambia, ameegemea ukuta.

Baba Firdaus alinionyesha tope la kijivu juu ya jiwe. "Ona, Ndinda. Jiwe linakula kisu, lakini makali hayaji. Hili ni bati."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini nilisomea vyuma chuoni, na huko Ruiru karakana yetu hunoa meno ya mashine. Nikaleta sumaku ya spika mbovu, nikaipitisha kwenye tope. Haikunasa kitu.

"Hakuna chuma hapa, Baba Firdaus. Kisu ni kigumu mno; ndicho kinachokula jiwe."

Farouk alicheka. "Siku hizi wasichana wa chuo wanatufundisha kuchinja."

"Kunoa," nilisema. "Kuchinja anajua mwenyewe."

Nilikipeleka kisu Ruiru. Jiwe la kwanza lilikuwa la aina ileile ya Baba Firdaus, nikaliacha. La kijani liliuma kidogo, kisha likaanza kuteleza. Fundi mkuu akaniruhusu nitumie vibao vilivyopakwa unga wa almasi: cha kukwaruza kwanza, halafu kile laini. Safari hii sumaku iliota ndevu nyeusi za chembe za chuma.

Kwa Waislamu, kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Makali hayo yalipaswa kufika hadi kondoo wa tisa.

Asubuhi, baada ya swala ya Idi, nilisimama nyuma ya ua, macho nimeyafumba, nikihesabu kila bismillahi. Ya tatu. Ya sita. Ya tisa ilifuatwa na kimya kilekile cha ya kwanza. Hakuna aliyeteseka. Nilifumbua macho, nikakuta nalia na kucheka pamoja.

Baba Firdaus alikikweza kisu kama bendera. Farouk alikwenda buchani, akarudi na visu vyake vyote.

"Fundi," aliniita, bila mzaha. "Na hivi, vinataka almasi?"

Nilivigusa kimoja kimoja, bila haraka.

"Hivi ni laini, mzee. Jiwe lolote la dukani linavitosha."