Mwantumu Alipomwigiza Kaka Yake

Mwantumu wa Kibiti alikuwa na kipaji ambacho watu walikifurahia mpaka kiwafikie wenyewe. Alijua kuigiza watu. Kila mtu ana neno lake lisilomtoka kinywani, naye aliyaokota maneno hayo kama kuku anavyookota mtama. Jumbe hakuweza kuamkia mtu bila kutia "tuseme". Bi Tabu huanza na "Mola anisamehe", kisha akasengenya mpaka jua lichwe. Lakini aliyemweza kuliko wote ni kaka yake wa tumbo moja, Mshamu. Kwa Mshamu, inyeshe mvua au afe mbuzi, atavuta ndewe ya sikio na kusema, "Nilisema mimi, sikusema?" Na mara nyingi hakuwa amesema kitu.

Vita na Mdachi vilipoanza, Mshamu alikunywa maji ya dawa, akaenda na wenzake vilima vya Umatumbi. Maji hayakuzuia risasi. Alirudi kimya kimya, akateremkia Mbwera kwenye mikoko, akajiita Tamimu, maana waliokunywa maji walikuwa wakinyongwa. Waliojua ni wawili tu: dada yake, na mkewe Zabibu.

Askari wa Mdachi walipopiga kambi Kibiti, waliwakusanya wanawake wawatwangie mpunga. Siku moja, viganja vimechubuka na nyuso zimewaka jua, Mwantumu akaona awachangamshe wenziwe. Akamtoa jumbe, akamtoa Bi Tabu. Wanawake wakacheka mpaka michi ikasimama. Mara mkubwa wa askari, waliyemwita shaushi, akasogea.

"Endelea," alisema.

Angeweza kusema amechoka. Aliendelea. Shaushi akacheka, akajipiga paja, na Mwantumu akaona raha. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine yote: aliona raha. Kicheko cha mwenye bunduki kilimpanda kichwani kama tembo la mnazi.

"Mwingine!"

Akavuta ndewe ya sikio. "Nilisema mimi, sikusema?"

Zabibu, aliyekuwa naye kwenye kinu kimoja, alicheka hadi machozi. Alikuwa hajaisikia sauti ile siku nyingi.

"Huyo ni nani?" shaushi akauliza.

"Kaka yangu Mshamu, bwana."

"Aje aseme mwenyewe."

Mwantumu akashtuka, akatafuta pa kutokea. "Alifia Umatumbi, bwana," akasema, akidhani amefunga mlango.

Haukupita muda mrefu, wakaletwa wanaume kutoka kwenye mikoko, mabegani wamebeba boriti za kujengea kambi. Mshamu alikuwamo. Alimtazama dada yake kama anavyotazamwa mpita njia, akaandikishwa Tamimu wa Mbwera, akaanza kazi. Mambo yangepita salama. Lakini walipokuwa wakipandisha mwamba wa paa, kamba ikakatika, mti ukaanguka kwa kishindo, na mkono wa Mshamu ukaenda sikioni.

"Nilisema mimi, sikusema?"

Shaushi alicheka kwanza. Akamgeukia Mwantumu, kama mtu anayemtafuta rafiki wa kucheka naye. Kisha kicheko kikamkauka.

"Wewe nani?"

"Tamimu, bwana. Mtu wa Mbwera."

"Mwanamke, huyu ndiye kaka yako aliyekufa?"

Mwantumu akainamia kinu. Hakusema ndiye, hakusema siye. Hata uongo mmoja zaidi haukumjia, yeye aliyekuwa na vinywa vya kijiji kizima. Mshamu alimtazama mara moja, bila hasira, kama mtu asiyeelewa lililompata. Asubuhi yake wakamnyonga.

Vita vilikwisha, ikaja njaa, maana mashamba yalikuwa yamechomwa. Mwantumu na wifi yake wakawa wanaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Mwantumu alikuwa ameacha kuigiza. Hata salamu aliitikia kwa sauti ya chini. Siku moja, jembe likiwa mkononi, neno likamtoka.

"Wifi, mimi ndiye niliyemuua."

Zabibu hakuacha kuchimba. "Nilikuwepo. Nilicheka kuliko wote. Ungedhani niko harusini."

Mwantumu alisubiri matusi. Tusi lingempa pa kujificha. Hayakuja.

"Mwanangu ananiuliza baba yake alikuwaje," Zabibu akasema. "Njoo umwonyeshe."

"Usiniambie hivyo, wifi. Siwezi."

"Ulipoambiwa na shaushi uliweza."

Zabibu akaikung'uta udongo ile ming'oko michache waliyopata, akaigawa mafungu mawili sawasawa, akafunga lake kwenye upindo wa kaniki, akaondoka bila kumngoja. Mwantumu akabaki ameinamia shimo lisilokuwa na kitu, akaendelea kuchimba, ili asiinue uso.