Monika Sebuleni Kwetu

Jumatatu jioni akina mama wawili walibisha hodi, wakaingia na sanamu iliyofunikwa shuka jeupe, wakaiweka mezani pembeni ya televisheni, wakawasha mshumaa, wakaondoka. Hawakusema zaidi ya "Amani kwenu." Mama akabaki amesimama na mwiko mkononi. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kochi, na chini ya kochi hilo, nyuma ya viatu vyangu vibovu, begi langu lilikuwa limeshafungwa.

Sanamu ile ni ya Mtakatifu Monika, na parokiani kwetu haitembezwi ovyo. Monika aliishi zamani sana, akawa na kijana mwenye akili nyingi na masikio ya mapambo. Alimlilia miaka na miaka. Siku moja kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki bandarini. Mama wa watu akaenda kusali kwenye kanisa dogo la jirani, na kulipokucha, kijana hayupo wala merikebu haipo. Mwingine angekaa chini alaani. Monika alipanda chombo akamfuata ng'ambo, akaendelea kulia huko huko mpaka mtoto akabatizwa. Baadaye akawa askofu. Hadithi hii naijua tangu enzi za kupelekwa misani kwa kuvutwa mkono.

Sasa, chama cha akina mama kina utaratibu wake. Mama mwenye mtoto anayemliza anamnong'oneza mwenyekiti, na Monika anakuja kukaa kwake wiki nzima. Wanaomleta hawaulizi kitu na anayempokea haulizi kitu, ili mtu asilazimike kuanika mambo ya ndani. Utaratibu mzuri, ila una tundu moja: sanamu ikishaonekana inaingia kwako, korido yetu nzima, toka geti la mbele hadi la nyuma, inaanza kukuhesabia watoto. Na mama yangu anaye mmoja tu.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Jumamosi alfajiri Mama huenda misa ya kwanza, hakosi hata mvua ikinyesha mawe. Yeye akishatoka, nami natoka, napanda basi, naenda mji mwingine kwenye saluni mpya yenye viti vya kuzunguka, ambako rafiki yangu alishanishikia nafasi. Simu ningempigia nikiwa njiani. Hata sauti ya kuongea nayo nilishaifanyia mazoezi, ile ya upole inayokatikakatika kana kwamba mtandao ni mbovu.

Kumbe anajua, nikawaza. Amejua na amemwita Monika.

Kuanzia hapo usingizi ukanipa talaka. Nalala sebuleni, kwa hiyo tulikuwa tunatazamana, mimi kwenye kochi na yeye mezani, na fundi aliyempaka rangi alimwachia jicho moja kubwa kuliko jingine. Nikigeukia ukutani nahisi lile kubwa liko kisogoni.

Mama naye hakutulia. Aliniuliza kama nimekula, akaniuliza tena sahani ikiwa bado mkononi mwangu. Nilimkuta ameshika shati langu ananusa kola.

"Una lolote la kuniambia?"

"Lolote kama nini?"

"Lolote."

"Sina."

"Haya," akasema, na akaendelea kunusa.

Kazini ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Bosi wangu ni kinyozi mwenye upara, tunamwita Mzee Kioo, na mdomo wake ni mkali kuliko wembe wake.

"Nasikia mna mgeni nyumbani," akasema, huku nikimnyoa dereva wa lori.

"Mgeni wa Mama."

"Analiliwa nani, paka?"

"Paka wetu ana mambo mengi, hujui tu."

Dereva akacheka, kichwa kikatikisika, na mkono wangu ambao tangu asubuhi haukuwa wangu ukaacha mstari mweupe juu ya sikio. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Dogo, umenichimbia mtaro."

Ikabidi nimnyoe kipara. Mzee Kioo akamkaribisha kwenye chama cha wenye upara.

Kila jioni alikuja kwetu mama mmoja fundi cherehani anayekaa ncha ya pili ya korido. Mwanawe aliondoka siku nyingi na simu yake haipatikani. Alipiga magoti mbele ya Monika akalia kuliko wenye nyumba, mpaka nikamwambia Mama kwamba machozi yale yangetosha kufulia mapazia. Mama hakucheka. Aliona kama mimi kwamba yule mama akimaliza, anatoka bila kumtazama mwenye nyumba usoni.

Ijumaa mchana nilirudi mapema. Mama alikuwa na ufagio, ameinama mbele ya kochi.

"Acha, Mama. Nitafagia mimi."

"Tangu lini?"

Ufagio ukasogea. Nikachuchumaa, nikavuta begi mwenyewe, nikaliweka kati yetu.

"Kwani si unajua? Si ndiyo maana umemwita huyu?"

"Mimi sijamwita mtu." Akakaa polepole. "Nilidhani kuna mtu ameona jambo kwako nisilolijua, akaniombea Monika. Wiki nzima nasali uache bangi."

"Sivuti bangi."

"Basi hilo limejibiwa." Akaligusa begi kwa kidole cha mguu. "Na hili?"

Nikamwambia lote: saluni, basi, misa ya kwanza, simu ya njiani. Kwa mara ya kwanza sikupata pa kuingiza utani. Akamtazama Monika, halafu mimi.

"Huyu angalau alidanganywa," akasema. "Mimi hata uongo hukuniandalia."

Hodi ikasikika, akaingia fundi cherehani na leso yake tayari mkononi. Mama akavunja kanuni.

"Dada, ni wewe uliyemwomba Monika?"

Yule mama akasita mlangoni. "Nilimwomba. Nilimwelekeza mwenyekiti, mlango wa mwisho kushoto. Nilipoona ameletwa kwako, nikasema labda yako ni mazito kuliko yangu."

"Mlango wa mwisho ukitokea geti lipi?"

"La mbele."

"Mimi wa mwisho kushoto ukitokea la nyuma."

Wakatazamana. Fundi cherehani akaanza kucheka huku analia, kitu ambacho sijui mtu anakiwezaje. Nikambeba Monika, Mama akatangulia na mshumaa, tukapita korido nzima milango ikifunguka kutuchungulia. Tulimweka juu ya meza ya cherehani, kati ya vitambaa.

Tuliporudi Mama alivuta kiti katikati ya sebule, akafungua kilemba. Tangu nijifunze kunyoa hajawahi kuniruhusu. Husema kichwa chake si uwanja wa mazoezi.

"Mashine imo humo begini?"

"Imo."

"Itoe. Punguza zote."

Nywele zake zina mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Zilianguka begani, nikazipangusa.

"Basi linatoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Tutatoka wote. Misa nitaenda ya pili."

"Unanifuata mpaka huko?"

"Mpaka stendi. Mimi si Monika, magari yananitapisha."

Nikafika nyuma ya sikio. "Tulia," nikamwambia, kama ninavyowaambia wateja.

"Tulia wewe," akasema. "Mimi nimekaa. Mkono ndio unaotetemeka."